Kuchagua Ufunguzi wa Kete Nyeusi kwa Wanaoanza Sataranji

Mwalimu aliyekabidhiwa chama cha sataranji shuleni hukutana mapema na swali hili: mtoto mwenye kete nyeusi afundishwe kuujibu vipi mwendo wa kwanza wa mwenzake? Nyeupe huanza, nyeusi hujibu. Kwa hiyo maandalio ya mwenye nyeusi hutegemea jambo ambalo bado halijatokea. Katika makala haya tutashughulikia hasa pale nyeupe inapoanza kwa kitunda kwenda e4, maana huo ndio mwendo ambao wanafunzi wetu hukutana nao mara nyingi.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Mwaka wetu wa kwanza tuliwaandikia wanafunzi ubaoni Ulinzi wa Kisisilia, kwa kuvutwa na sifa zake: Bobby Fischer na Garry Kasparov waliutumia kwa miaka mingi. Miendo minne ya nyeusi ilikaririwa kama jedwali la kuzidisha: kitunda c5; farasi c6; kitunda cha c kinakula d4; kitunda g6. Siku ya kushindana na shule jirani, mwanafunzi wetu wa darasa la tano aliijibu e4 kwa c5. Mpinzani akatoa askofu hadi c4. Wetu akatoa farasi c6. Mpinzani akamleta malkia f3. Pale d4 hapakuwa na kitu cha kula, basi mtoto akaruka mstari mmoja wa ubaoni akacheza g6. Malkia akala kitunda cha f7, askofu akimlinda kwa nyuma, na mfalme akawa amenaswa. Miendo minne tu! Mtoto yule hakuonekana chamani kwa majuma matatu. Tulipomwuliza alijibu kwamba alicheza kama alivyofundishwa, na alisema kweli.

Ulinzi wenyewe hauna kosa. Lakini sababu ya c5 iko mbali: kitunda cha upande kinabadilishwa na cha katikati, na faida yake huenda isionekane mpaka mchezo umekomaa. Mtoto asiyeiona sababu hana budi kukariri.

Tangu hapo tunaanza na e5. Kitunda hicho kinashika sehemu yake ya katikati, kinamfungulia njia askofu na malkia, na kila mwendo unaofuata una swali ambalo mtoto aweza kulijibu kwa kutazama ubao wa mchezo. Nyeupe ikileta farasi f3, tunauliza: anatishia nini? Kitunda cha e5. Nani aweza kukilinda huku akitoka nyumbani? Farasi, kwa kwenda c6. Askofu wa nyeupe akija c4, wa kwetu aende c5, au farasi wa pili aende f6.

Hapa ndipo somo la g6 linaporudi. Mwache mpinzani amtoe malkia mapema hadi h5. Anatishia e5, basi farasi c6. Askofu anakuja c4. Sasa f7 inatishwa mara mbili. Safari hii g6 ndiyo jibu zuri, kwa kuwa inaikata njia ya malkia kutoka h5 na kumfukuza. Akirudi f3, anaitisha f7 tena, na farasi wa pili anakuja f6 kumzibia. Kitunda kilekile kilichomwangusha mwanafunzi wetu hapa kinaokoa, na tofauti ni mraba aliosimama malkia. Tunashauri michezo hii miwili ipangwe kwenye mbao mbili, ubavu kwa ubavu, na wanafunzi waeleze tofauti hiyo kwa maneno yao kabla hujasema neno.

Baada ya mihula miwili hivi, mtoto anayependa mchezo wa subira aweza kuonyeshwa c6, yaani Ulinzi wa Caro-Kann, wenye majina ya Horatio Caro na Marcus Kann walioueleza mwaka 1886. Nyeupe hujenga e4 na d4, nyeusi hujibu d5. Kitunda cha nyeupe kikisonga e5, askofu wa c8 hutoka f5 kwanza, ndipo e6 ifuate. Ulinzi wa Kifaransa huanza na e6 mara moja. Jina lake lilitokana na mchezo wa barua kati ya London na Paris ulioanza mwaka 1834. Nao ni mzuri, ila askofu yule hufungiwa nyuma ya vitunda vyake mwenyewe, na tumeona watoto wakimsahau kabisa mpaka mchezo unakwisha. Kwa sababu hiyo tunautanguliza Caro-Kann, ingawa wenzetu wengine hawakubaliani nasi.

Nyeupe ikianza kwa d4, wanafunzi wetu hujibu d5, na tunaishia hapo hadi mwaka unaofuata. Saa moja ya chama kwa juma haitoshi kwa yote mawili.