Mjusi wa mwanao keshakua, badilisha sahani

Mdogo wangu wa Columbus, Ohio, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mjusi mwenye ndevu wa mwanao katimiza miaka miwili, anakula nyenje na funza asubuhi na jioni, ila majani hataki hata kuyanusa. Na wewe, kwa huruma za mama, ukiona kagoma unamwongezea funza. Nakuelewa kabisa. Lakini huruma hiyo ndiyo itakayomuumiza.

Mjusi huyu kwao ni nyika kavu za ndani ya Australia. Akiwa mtoto anahitaji wadudu kwa wingi kwa sababu anakua haraka mno. Akishapita mwaka na nusu hivi, mambo yanageuka: sehemu kubwa ya chakula chake iwe majani, na wadudu wabaki mara mbili au tatu kwa wiki. Ukiendelea kumlisha kama kichanga, mafuta yanamjaa mpaka kwenye ini. Wale funza weupe wanene anaowakimbilia ndio wenye mafuta kuliko wote. Wape nafasi ya peremende.

Sasa majani gani? Bahati nzuri, unayo tayari jikoni. Sukuma wiki, mdogo wangu! Ina kalisi nyingi, na mjusi huyu inamfaa sana. Ichukue mbichi kabla haijakutana na kitunguu, mafuta wala chumvi, ikate nyembamba kama unavyoikata siku zote, changanya na majani ya haradali na boga kidogo lililoparwa. Mchicha usimzoeze, maana una asidi ya oksaliki inayoishika kalisi isiingie mwilini. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake.

Kumzoeza, weka majani asubuhi akiwa keshaota joto na njaa inamuuma. Wadudu wasionekane mpaka jioni, na wawahi saa moja au mbili kabla ya kuzima taa, kwa kuwa bila joto chakula hakisagiki tumboni. Akigoma siku mbili tatu, vumilia. Mjusi mzima mwenye afya hafi kwa hilo. Weka kipande cha boga juu, rangi yake humvuta.

Nyenje nao walishwe vizuri siku moja kabla, karoti na majani, kisha uwapake unga wa kalisi. Wasizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Waliobaki watoe, usiku watamng'ata.

Hapa nakuomba utulie nami kidogo. Hujaniandikia chochote kuhusu taa, na unga wa kalisi peke yake hautoshi. Mwili wake hutengeneza vitamini D ngozi ikipigwa na mionzi ya UVB, na bila vitamini hiyo kalisi haifyonzwi vya kutosha. Basi mwili unaichota kwenye mifupa. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia mionzi hiyo. Nunua taa ya UVB, na uibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye boksi hata kama bado inawaka, kwani mionzi huisha kabla ya mwanga. Pale anapoota joto pafike nyuzi 40 hivi za Selsiasi.

Jambo jingine la huko kwenu: kiangazi vimulimuli hujaa uani, na watoto hupenda kuwakamata. Mwambie mwanao asithubutu kumpa mjusi hata mmoja. Kimulimuli mmoja anatosha kumuua. Na kila akimshika mjusi, anawe mikono kwa sabuni, ajikinge na bakteria wa salmonela.

Ukiona miguu inatetemeka, taya limelegea au mgongo unapinda, usisubiri jibu langu. Mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama watambaao.