SOMO LETU: TUZIBE CHINI YA NYUMBA KWA KITU GANI?



 Somo la leo ni la nyumba. Hatuongei juu ya paa wala mlango. Tunaongea juu ya ile sehemu ya chini kabisa, pale ukuta unapokutana na ardhi. Watu wengi wakijenga humaliza pesa zote juu, na chini panaachwa hivi hivi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuuangalie huo ufa.

KWA NINI SOMO HILI?

Familia nyingi za wafugaji wa huku kwetu zimeishi tangu zamani ndani ya herio, ile nyumba ya miti iliyopindwa na mikeka. Akina mama huijenga na kuibomoa wao wenyewe, na ngamia huibeba. Nyumba ya namna hiyo haihitaji msingi, kwa sababu haikai mahali pamoja miaka mingi.

Lakini mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mifugo mingi ilikufa, na familia nyingi zikahamia kando ya miji. Huko wanajenga nyumba ya mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Vikundi navyo vinajenga stoo na vibanda vya biashara kwa njia hiyo hiyo. Pia ziko nyumba zilizoundwa kiwandani, zinazoletwa kwa lori vipande vipande na kuinuliwa juu ya matofali, ziwe ofisi au nyumba za wafanyakazi. Zote hizi zina shida moja: chini kuna nafasi wazi.

Je, nafasi hiyo huleta nini?

1. Maji ya mvua huingia, na gunia la mahindi la kikundi linaoza kutoka chini.
2. Panya huingia kufuata nafaka, na nyoka humfuata panya. Kifutu hupenda kulala mahali pa kivuli, na nge hujificha chini ya takataka. Watoto wetu wanalala chini kwenye mkeka. Hili si jambo la kucheza nalo.
3. Mchwa hupanda kwenye mbao bila mtu kuwaona.
4. Vumbi huingia siku nzima wakati wa upepo.

Kwa hiyo kuziba chini si urembo. Ni kulinda watoto, chakula na pesa za kikundi.

MASWALI MATATU KABLA YA KUNUNUA KITU

La kwanza: je, tunakaa au tunahama? Kama nyumba itahamishwa baada ya mwaka mmoja au miwili, usitumie simiti. Pesa utaziacha ardhini. Chagua kitu cha kufunguliwa na kubebwa.

La pili: ardhi ni ya nani? Tukumbuke yaliyotokea Dadaab. Karibu mwaka 2011, katika kambi ya Ifo 2, zilianza kujengwa nyumba za matofali ya udongo na saruji. Zilikuwa imara kuliko hema, lakini kazi ilisimamishwa kwa sababu serikali iliona ni nyumba za kudumu mno kwa kambi ya wakimbizi. Matofali hayakuwa na kosa. Shida ilikuwa ruhusa ya mahali. Na nje ya kambi ni vivyo hivyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, ongeeni na wazee na kamati ya ardhi, na makubaliano yaandikwe kwenye karatasi.

La tatu: maji yanatoka wapi? Kuna maji ya mvua yanayotiririka uwanjani, na kuna maji ya mto Tana. Haya ni mambo mawili tofauti. Maji ya uwanjani utayazuia kwa ukingo mzuri na mtaro. Maji ya Tana hutayazuia kwa ukingo wowote wa nyumba. Tuliona mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998, tukaona tena 2018, 2023 na 2024, hata barabara ya Garissa na Madogo ikakatika. Mvua ikinyesha sana nyanda za juu na mabwawa kama Masinga yakijaa, maji hushuka mpaka kwetu hata kama hapa mbingu ni kavu. Nyumba iliyo kwenye njia ya mto dawa yake ni kuhama mapema. Usimdanganye jirani kwamba mawe mawili yatamwokoa.

HEBU TUANGALIE VIFAA

Udongo mtupu. Wengi hurundika udongo kuzunguka nyumba. Ni bure, lakini ukigusa mbao unampa mchwa ngazi ya kupandia, na ukigusa mabati unashika unyevu na kuleta kutu. Samadi ni mbaya zaidi, kwa maana chumvi yake hula mabati upesi.

Magunia ya mchanga. Yanasaidia sana wakati wa dharura. Lakini magunia ya plastiki huchanwa na jua. Yakiachwa wazi bila kupigwa plasta, baada ya muda yanapasuka na mchanga unamwagika. Yatumie kwa muda mfupi, au yafunike.

Miti na mbao. Mathenge tunao tele, na mti wake ni mgumu. Kuukata ni kusaidia malisho pia, kwa sababu umevamia ardhi nyingi. Hata hivyo, mti wowote uliozikwa ardhini uchunguzwe mara kwa mara. Watu wengine hupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Mimi siwashauri. Oili hiyo ina sumu, huingia ardhini, na watoto na mbuzi hugusa kila kitu.

Mabati. Ni mepesi, hufungwa haraka, na hufunguliwa ukihama. Lakini angalieni geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Bati lisiguse ardhi, na ncha zake zikunjwe ili zisikate watoto. Bati jembamba lililozikwa kwenye udongo wa chumvi, ule unaoonyesha weupe juu ukikauka, halidumu.

Vigae vya zamani vya asbestosi. Mkivipata vimetupwa kwenye jengo lililobomolewa, msivichukue hata kwa bure. Msikate, msivunje. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi.

Mawe. Ukipata mawe, hakuna kitu kizuri zaidi. Wajir wako juu ya mwamba wa chokaa, na nyumba nyeupe za mji ule zinajulikana. Sehemu nyingi za Garissa ni mchanga na udongo tu, kwa hiyo ulizeni bei ya lori kwanza. Mara nyingi usafiri ndio ghali kuliko jiwe. Jasi, ambayo iko pia Kaskazini Mashariki, isitumike chini ya nyumba kwa nje, kwa sababu huyeyuka kidogo kidogo ikiloweshwa.

Matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hatukati miti. Hufaa sana kwa kikundi, kwa sababu mashine moja inaweza kuazimwa au kukodishwa na kazi ikagawanywa.

Wavu na plasta. Unapigilia wavu wa kuku kwenye fremu, halafu unapiga plasta ya sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi. Hutumia vifaa kidogo, lakini inataka fundi mwenye mkono mzuri.

TUPIME UDONGO WETU

Chukua chupa wazi. Jaza udongo theluthi moja, ongeza maji, tikisa sana, weka chini. Mchanga hushuka kwanza, mfinyanzi hushuka mwisho. Angalia kila tabaka lina unene gani. Udongo wenye mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi unafaa kwa matofali ya saruji. Udongo mweusi unaopasuka sana ukikauka haufai.

Halafu tengeneza kisanduku cha mbao, urefu sentimita 60, upana na kina sentimita 4. Paka mafuta kidogo ndani, jaza udongo uliolowa, uache ukauke kabisa. Udongo utafupika. Ukifupika kidogo, saruji kidogo inatosha. Ukifupika sana, unahitaji saruji zaidi. Mafundi hutumia kati ya saruji moja kwa udongo 18, na saruji moja kwa udongo 12.

TUPIGE HESABU

Tuseme nyumba ni mita 6 kwa mita 4. Mzunguko wake ni mita 20. Tunataka ukingo wa sentimita 40 kwenda juu.

Kwa mabati: bati la mita 2 lenye upana wa sentimita 80 likikatwa mara mbili kwa urefu hutoa karibu mita 4. Ukitoa pale yanapopandana, unahitaji mabati 6.

Kwa matofali: kama tofali linaonyesha uso wa sentimita 26 na nusu kwa 10, mstari mmoja ni matofali 76. Mistari minne ni 304. Ongeza ya kuvunjika, sema 320. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa karibu matofali 80 hadi 100, kwa hiyo ni mifuko 4, na zaidi kidogo ya kujengea.

Sasa kila kikundi kiandike bei ya kwake kwa safu nne: bei ya dukani, usafiri, fundi, na matengenezo ya miaka mitano. Safu hii ya nne ndiyo tunayoisahau.

MCHEZO MFUPI (watu wawili wasome mbele ya kikundi)

FUNDI: Mama Mwenyekiti, tuweke mabati tu. Kesho jioni nimemaliza.

MWENYEKITI: Ni sawa, Fundi, lakini yatakaa miaka mingapi?

FUNDI: Aah, hiyo ni kazi ya Mungu.

MWENYEKITI: Mungu ametupa akili pia, Fundi. Sisi akina mama thelathini tumechanga miezi minane. Nikirudi kwao mwaka ujao kuomba tena, nitasema nini?

FUNDI: Basi Mama, kama ni stoo ya kukaa, tuchimbe msingi kidogo tujenge matofali. Lakini wanachama walete mchanga na maji wenyewe.

MWENYEKITI: Hapo sasa tumeelewana. Hebu tuandike.

NAMNA YA KUJENGA

1. Chimba mtaro wa sentimita 20 au 30, ushindilie vizuri, ndipo uanze kujenga.

2. Kumbuka sheria ya paa: bati la juu hulala juu ya bati la chini, ili maji yaanguke nje. Chini ni vivyo hivyo. Bati la ukuta lishuke nje ya ukingo kama sentimita 5. Ukijenga ukingo nje ya bati, maji yataingia katikati na kukaa humo. Hili nimeliona kwenye vikundi vingi, na mbao zilioza mapema. Kama bati la zamani limefika chini na limeoza, likate kipande cha chini, kisha jenga ukingo mahali pake.

3. Mbao za fremu ziwe juu ya ukingo, zisiguse ardhi. Ukingo uonekane wazi, bila vitu kurundikwa. Hivyo njia ya mchwa ya udongo utaiona na kuikwangua kabla hawajafika juu.

4. Nyumba iliyoinuliwa isizibwe kabisa. Acha matundu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, maana joto letu mnalijua. Kila tundu lifungwe wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi nusu sentimita. Acha pia mahali pa maji kutokea upande wa mteremko.

5. Kuzunguka nyumba, tengeneza njia ya upana wa mita moja inayoteremka kwenda nje kama sentimita 5.

6. Matofali na plasta ya saruji vinyweshwe maji na kufunikwa kwa magunia au nailoni siku 7 angalau. Kwa jua letu, saruji iliyokauka haraka ni saruji iliyokufa. Kama maji ya kunyweshea hakuna, subirini mpaka yapatikane.

Na mtu akiumwa na nyoka, msikate jeraha wala kufunga kamba kwa nguvu. Atulizwe, mguu au mkono usitikisike, apelekwe hospitali mara moja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zimeoza chini? Zilizibwa kwa kitu gani?
2. Ni nani huamua juu ya nyumba, na ni nani hulala karibu na ukuta? Je, hao wa pili wameulizwa?
3. Wajane na wazee wasio na nguvu ya kufyatua matofali, kikundi kitawasaidiaje?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni nyumba moja tu, ikiwezekana ya mwanachama aliye na shida zaidi. Pimeni udongo, pigeni hesabu, mjenge pamoja. Mvua ikinyesha, nendeni wote mkaangalie maji yamepita wapi. Mtakayoona hapo yaandikwe kwenye daftari la kikundi, yawaongoze mkianza nyumba ya pili.