VITUFE VYA KIKOKOTOO: VIPIME KABLA YA KUVIAMINI

Watu wengi wakienda dukani kununua kikokotoo cha hesabu za fedha hutazama bei, hutazama kioo, na huuliza chombo kinaweza kufanya hesabu ngapi. Wachache sana hupima vitufe. Hudhani kwamba maadamu chombo ni kipya, basi kila kitufe kitafanya kazi yake. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sivyo ilivyo, na kwamba kitufe kibaya chaweza kumtia mweka hazina mashakani hata kama hesabu zake anazijua vizuri.

Hatari iko wapi?

Tuchukue mfano. Mwanachama wa Sacco amekopa shilingi 500,000 kwa riba ya 1.5 kwa mia kila mwezi, naye atalipa kwa mafungu sawa katika miezi 12. Tukiandika miezi, riba na mkopo, kikokotoo hutupa jibu: shilingi 45,840 kila mwezi.

Sasa tuseme kwamba tulipoandika riba, kitufe cha 5 hakikushika. Chombo kimepokea 1 badala ya 1.5. Jibu litakuwa shilingi 44,424.39. Kioo hakitaonyesha alama yoyote ya kosa, kwa maana chombo kimefanya sawasawa hesabu kilichopewa. Kama ingepotea sifuri moja ya mkopo, jibu lingekuwa 4,584, na kila mtu angeshtuka. Lakini 44,424 yafanana sana na kweli, nayo itaandikwa daftarini. Chama kitapunjwa shilingi 1,415.61 kila mwezi, yaani karibu 16,987 kwa mwaka. Wakiwa wakopaji ishirini wa namna hiyo, hasara ni karibu shilingi 340,000. Siku ya ukaguzi wanachama hawatauliza habari za kitufe. Watamwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi.

Kitufe hufanyaje kazi?

Chini ya vitufe kuna kibao chenye njia nyembamba za umeme, nyingine za kulala na nyingine za kusimama. Kitufe kikibonyezwa, njia mbili huunganishwa. Chombo hukagua njia hizo mara nyingi katika kila sekunde, na kwa hiyo hujua ni kitufe gani kimebonyezwa.

Namna ya kuunganisha njia hizo ni mbili hasa. Katika vikokotoo vingi vya bei nafuu kuna mpira laini wenye kipande cha kaboni chini yake. Katika vingine kuna kibati chembamba kilichobinuka kama kifuniko cha sufuria. Kidole kikikikandamiza, kibati hubonyea ghafula na kulia “tik”, kisha hurudi juu. Mlio huo ni habari njema kwa kidole: tarakimu imeingia.

Lakini kugusana kwenyewe si kwa mara moja. Vipande hivyo viwili hurukaruka kwa muda mfupi sana, elfu chache za sekunde, kabla ya kutulia. Kwa hiyo chombo huagizwa kungoja kidogo. Kikingoja kidogo mno, 5 moja huwa 55. Kikingoja mno, tarakimu ya mtu mwenye kidole chepesi hupotea.

Jina moja, vyombo mbalimbali

Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilipotoa kikokotoo cha mkononi HP-35 mwaka 1972, iliangalia sana jambo hili la vitufe. Vilitengenezwa ili vilie na kusikika kidoleni, na tarakimu zake hazikupakwa rangi juu tu, bali zilifinyangwa kwa plastiki ya rangi nyingine iliyopenya ndani ya kitufe, hata zisiweze kufutika. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilitoa HP 12C kwa hesabu za fedha, nacho kimeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Sura yake haikubadilika sana, lakini mashine ya ndani imebadilishwa, na mahali pa kutengenezwa pamehama kutoka Marekani kwenda nchi nyingine, Brazil na China zikiwamo. Basi jina lililoandikwa usoni si ushahidi kwamba vyombo viwili vimefanana ndani.

Hata vyombo vilivyotoka kiwanda kimoja vyaweza kutofautiana. Kalibu ya kufinyangia plastiki huchakaa, na vitufe vyake huanza kukwama. Kibati chaweza kuwa kinene au chembamba kupita kipimo. Vumbi laweza kuingia. Tena, katika vyombo vingine kibao hushikwa na vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa kwa moto. Visipobanwa sawasawa, kibao hulegea, na kitufe huweza kulia bila kuunganisha njia.

Jambo hili nililiona mwenyewe nilipopima vikokotoo sita vipya vya darasa letu la biashara. Jina la kiwanda silitaji. Nilibonyeza kila tarakimu mara 50. Vinne havikukosa hata mara moja. Cha tano kilikosa 7 kila nilipobonyeza pembeni mwa kitufe. Cha sita ndicho kilichonishangaza: kitufe chake cha 5 kililia vizuri kuliko vyote, lakini mara tisa katika hamsini tarakimu haikuonekana. Kitufe kizito kisicholia humfanya mtu atazame kioo. Kitufe kinacholia uongo humfanya asitazame. Kwa hiyo hicho cha pili ndicho kibaya zaidi.

Namna ya kupima

Kwanza, andika 12345679, zidisha kwa 9. Jibu ni 111,111,111. Kisha zidisha namba ile ile kwa 18, 27, 36, na kuendelea hivyo mpaka 81. Kila mara jibu litakuwa tarakimu moja iliyorudiwa mara tisa. Malizia kwa 90, upate 1,111,111,110, na hapo tarakimu zote kumi zimepimwa. Andika kwa mwendo wako wa kila siku, si polepole kwa ajili ya jaribio.

Pili, bonyeza kila kitufe katikati, kisha katika pembe zake nne. Sikiliza kwa kidole na kutazama kwa jicho: mlio na tarakimu vyapaswa kuja pamoja.

Tatu, andika tarakimu moja mara nane upesi, uhesabu zilizo kwenye kioo. Zikiwa saba au tisa, mrudishie mwenye duka chombo chake.

Nne, kwa wenye HP 12C za zamani, kuna jaribio lililomo ndani. Zima chombo; shika ON, shika pia kitufe cha kugawanya, achia ON, kisha achia cha kugawanya. Halafu bonyeza vitufe vyote kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia, safu ya juu mpaka ya chini. ENTER hubonyezwa katika safu ya tatu na tena katika ya nne. Yote yakiwa sawa, mwishoni huonekana 12.

Kinga ya mwisho

Hata chombo kizuri kitazeeka. Kwa hiyo, kabla ya kuandika jibu daftarini, bonyeza RCL na kitufe cha riba, uone ni nini hasa chombo kimepokea. Fanya vivyo hivyo kwa miezi na mkopo.

Kisha kadiria kwa kichwa. Mkopo unaolipwa kwa mafungu sawa hudaiwa, kwa wastani, zaidi kidogo ya nusu yake. Nusu ya 500,000 ni 250,000. Riba ya mwaka ni 18 kwa mia. Basi riba yote haiwezi kupungua 45,000. Malipo ya 45,840 mara 12 yaleta riba ya 50,080: yakubalika. Malipo ya 44,424 yaleta riba ya 33,093 tu: hapana, kuna tarakimu iliyopotea.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo hupokea chochote kilicho kwenye kioo. Ninyi wanafunzi wa zamani mnaoshika hazina za vyama na maduka, vipimeni vitufe vyenu wiki hii. Na sisi tulio bado darasani tuzoee kutazama kioo kabla ya kuchukua kalamu.