SOMO: VICHEKESHO VYA KWENYE SIMU NA ULIMI WA MKRISTO

Masomo: Mithali 26:18-19, Mwanzo 21:1-7, Matendo 12:1-16, Waefeso 4:29

 

Katika somo hili tunataka kujifunza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni vichekesho tunavyotumiana kwa simu. Hapa Diaca, jioni kwenye kibanda cha kuchaji simu, utakuta vijana sita wameinamia kioo kimoja wakivunjika mbavu. Mmoja ana filamu ya mzee King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018 na bado anatuchekesha. Mwingine ana katuni ya mchungaji anayehesabu sadaka. Mwingine ametumiwa kitu cha ajabu kutoka Nairobi au Johannesburg. Je, Mkristo aliyepoteza nyumba yake acheke? Na kama acheke, acheke nini?

1. Kicheko ni zawadi ya Mungu

Wako ndugu wanaodhani kwamba aliyekimbia vita hapaswi kucheka, eti akicheka amewasahau waliokufa. Biblia haifundishi hivyo. Mhubiri 3:4 inatuambia kwamba kulia kuna wakati wake na kucheka kuna wakati wake.

Ibrahimu na Sara walikuwa watu wa mahema, wageni katika nchi isiyo yao. Sara aliposikia kwamba atazaa uzeeni, alicheka kwa kutoamini, kisha akakana. Mtoto alipozaliwa alicheka tena, safari hii kwa furaha, na mtoto akaitwa Isaka, maana yake "anacheka". Kila mama alipomwita mwanawe aje kula, kicheko kilitajwa ndani ya hema lile.

Tena someni Matendo 12. Yakobo ameuawa kwa upanga, Petro yuko gerezani, na waamini wamekusanyika usiku wakiomba. Mungu anamtoa Petro, naye anakuja kubisha hodi. Binti Roda anaitambua sauti yake, na kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani! Wale wale waliokuwa wakimwombea Petro wanamwambia binti ana wazimu, na Petro huko nje anaendelea kubisha. Luka angeweza kuliacha jambo hilo, lakini aliliandika. Sisi tuliowahi kubisha mlango wa jamaa usiku baada ya siku nyingi porini tunajua kwamba kicheko na machozi huweza kutoka pamoja.

Wachungaji nao wasikasirike wakichekwa kidogo. Katika Matendo 20:9 Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Basi anayesinzia ibadani asikae dirishani, na sisi wahubiri tutazame saa.

2. Kiko kicheko kinachofichua uongo

Katika 1 Wafalme 18:27 Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali, akawaambia wapaze sauti zaidi, labda mungu wao yuko safarini au amelala. Dhihaka ile iliwasaidia watu kuona kwamba wanadanganywa.

Mwezi Februari 2019 ilisambaa video kutoka Johannesburg, katika kanisa la Mchungaji Alph Lukau. Mtu aliyelala ndani ya jeneza aliinuka na kukaa, kinywa wazi, mkutano ukashangilia kwamba amefufuliwa. Muda si mrefu watu wa nchi nyingi za Afrika wakarekodi video zao za kuigiza ufufuo ule, wakiinuka vitandani na sakafuni. Kampuni za mazishi zililalamika kwamba zimehadaiwa, na kanisa lenyewe baadaye likasema mtu yule alikuwa tayari yu hai alipofikishwa pale. Kicheko cha namna hiyo kinaweza kumlinda mjane asitoe shilingi yake ya mwisho kwa ajili ya muujiza wa kutengenezwa. Lakini tuwe waangalifu: tumcheke mdanganyifu, tusimcheke mgonjwa aliyetamani kupona.

3. Kiko kicheko kinachoeneza uongo

Mwezi Julai 2019 zilisambaa picha za mzungu mwenye nywele ndefu na kanzu nyeupe akiwa Kiserian, karibu na Nairobi. Maneno yaliyobandikwa yalisema wachungaji wa Kenya wamemkuta Yesu akitembea mitaani. Dunia nzima ikawacheka Wakenya. Wengine wakaongeza kwamba wachungaji wale wamekamatwa na mgeni wao amefukuzwa nchini. Ukweli ni kwamba yule alikuwa Michael Job, mhubiri na mwigizaji wa Marekani aliyekuwa akiigiza sehemu ya Yesu, na alikuwa amekuja kwenye mkutano wa injili. Waliocheka walidhani wanawacheka wajinga, kumbe wao ndio waliodanganywa. Kwa mkono huo huo waliosambazia, waliwasingizia ndugu zao.

4. Kiko kicheko kinachojeruhi

Mithali 26:18-19 inamlinganisha anayemdanganya jirani yake, kisha akasema ni mzaha tu, na mwenda wazimu anayerusha moto na mishale. Neno hili tulisome kwa makini sisi wa Cabo Delgado. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, wengi wetu tumezoea kulala viatu vikiwa karibu. Mtu akituma ujumbe kwamba "wanakuja", kisha baada ya saa moja akatuma picha ya kucheka, hajui kilichotokea katika saa ile. Mama amebeba watoto akakimbilia porini gizani, mzee mwenye presha ameanguka, sufuria ya chakula imeachwa motoni. Tena siku hatari ikija kweli, watu watasema ni mzaha ule ule.

Vivyo hivyo na vichekesho vya kuidhihaki dini ya majirani zetu Waislamu. Wao pia wameuawa, wao pia wamechomewa nyumba, nao wanachota maji kwenye bomba moja na sisi. Ujumbe uliotuma kwa Mkristo mwenzako asubuhi unaweza kufika kwenye simu ya jirani kabla ya magharibi. Je, utamsalimuje?

5. Tujifunze kwa watani

Wazee wetu walijua kutaniana. Katika makabila mengi ya Afrika Mashariki mtani huruhusiwa kusema maneno ambayo mwingine angeyasema angepigwa. Hata msibani huja akamwigiza marehemu alivyotembea, na waliolia wakacheka. Lakini mtani huyo huyo husaidia kazi za mazishi. Anakujua, unamjua, na kesho atakuwepo.

Kichekesho cha kwenye simu hakina jembe mkononi. Hakimjui anayechekwa wala hakibaki kumfariji. Kwa hiyo wewe unayekisambaza ndiwe uwe mtani wake. Kabla ya kutuma, jiulize mambo matatu:

(a) Je, ni kweli, au kila atakayekiona ataelewa kwamba ni mchezo?
(b) Je, anayechekwa angekuwa amekaa hapa, ningemwonyesha?
(c) Je, mtu akiumia kwa sababu yake, niko tayari kwenda kwake kumsaidia?

Jibu likiwa hapana hata kwa moja, kifute. Na habari yoyote ya hatari usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Ipeleke kwa kiongozi wa mtaa ili ichunguzwe. Waefeso 4:29 inataka neno litokalo kwetu limjenge anayelisikia, na siku hizi neno hutoka kwa kidole pia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni kitu gani kilichoichekesha familia yetu hata katika siku za kukimbia? Wazee wawasimulie watoto.
2. Je, katika simu zetu kuna kichekesho ambacho tungeona haya jirani akikiona?
3. Kijana wetu akileta ujumbe wa kutisha usiku, nyumba hii itafanya nini kwanza?

Bwana aliyempa Sara kicheko uzeeni azijaze na nyumba zetu furaha isiyomwumiza mtu. Amina.