Roho Inapopiga Usiku: Je, Tujaribu Dawa?

Kijitabu cha nyumbani kwa familia za Lubumbashi

Saa nane ya usiku, Katuba. Mama anaamka ghafla, roho inapiga mbio, vidole vina ganzi, pumzi haifiki chini. Anasema, "Ninakufa." Watoto wanalia, jirani anagongewa mlango, pikipiki inatafutwa. Wanapofika hospitalini, presha ni nzuri, malaria hakuna, na moyo ukisikilizwa hauna kasoro. Mama anaambiwa, "Hauna kitu," anarudishwa nyumbani. Baada ya siku nane, mambo ni yale yale.

"Hauna kitu" ni neno linaloumiza, na si kweli. Mama huyo amepata krizi ya hofu. Mwili umepiga kengele ya hatari wakati hakuna mwizi wala moto: homoni ya adrenalini inamwagika katika damu, moyo unakimbia, kifua kinabana, jasho linatoka. Hofu hupanda hadi kilele kwa muda wa dakika kumi hivi, na mara nyingi huwa imeshuka kabla ya nusu saa kwisha. Inatisha kama kifo, lakini krizi yenyewe haiui.

Krizi moja si ugonjwa. Inakuwa ugonjwa pale inaporudi tena na tena, na mtu anaanza kuishi akiingojea: haendi tena soko la Kenya, hapandi teksi iliyojaa, kanisani anakaa karibu na mlango ili atoke haraka. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 301 wenye magonjwa ya hofu na wasiwasi mwaka 2019. Kwa hiyo mama wa Katuba si wa ajabu, na wala si mvivu.

Kwanza apimwe

Kabla ya kuzungumza juu ya dawa ya hofu, munganga anapaswa kutafuta vitu vingine vinavyoufanya moyo ukimbie: upungufu wa damu, malaria, sukari iliyoshuka, ugonjwa wa tezi ya shingo, pumu, ugonjwa wa moyo wenyewe. Mwambie pia unachokunywa. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu huamsha krizi. Lutuku na bia hutuliza usiku, kisha asubuhi hofu inarudi na nguvu zaidi.

Maumivu ya kifua ya mara ya kwanza, kuzimia, au pumzi kukatika kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni ni mambo ya kukimbizwa hospitalini. Msikae nyumbani kujadili kama ni hofu.

Wengi wetu tunawaza ulozi kwanza. Anayeombewa na pasta aendelee kuombewa, maana sala na kidonge havigombani. Lakini kumfungisha mgonjwa siku nyingi bila chakula, kumpiga ili "pepo litoke", au kumfunga kamba, huko ni kumtesa. Mji wetu una kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo chenye jina la Joseph Guislain, munganga wa Gent huko Ubelgiji (1797–1860), aliyepigania wagonjwa wa akili watendewe kama binadamu na wasifungwe minyororo. Watu wanaogopa kuonekana mbele ya lango la kituo cha namna hiyo, wakidhani watasemwa ni wendawazimu. Mwenye krizi za hofu ana akili yake timamu. Anaweza kuanzia kituo cha afya cha mtaani kwake, na wakiona inafaa watamwandikia barua ya kwenda mbele.

Vidonge viwili visivyofanana

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa hiyo someni polepole.

Kidonge cha kwanza ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, lililoingia sokoni mwaka 1963. Kinatuliza upesi, kwa kawaida kabla ya saa moja kwisha. Ndiyo maana watu wanakipenda, na wanakinunua kimoja kimoja bila karatasi ya munganga. Lakini katika wiki chache tu mwili unakizoea. Kile kilichotosha jana hakitoshi leo, na siku kikikosekana hofu inarudi ikiwa kali kuliko ile ya mwanzo. Kinamlaza dereva kwenye usukani, kinamwangusha mzee usiku akienda chooni. Kikichanganywa na pombe au tramadoli kinaweza kusimamisha pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauweki dawa za aina hii kuwa tiba ya ugonjwa wa krizi za hofu. Kwa hofu kali ya dharura tu zinaweza kutolewa, tena kwa siku tatu hadi saba, zisizidi hapo. Na kama mtu wenu ameimeza kwa miezi, msimnyang'anye siku moja, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa. Munganga atamshusha kidogo kidogo.

Kidonge cha pili ni cha jamii ya fluoksetini na sertralini. Kwenye boksi utasoma fluoxétine au sertraline. Hiki hakizimi krizi ya usiku huu. Kinafanya kazi polepole, wiki mbili hadi sita, mpaka krizi zinapungua na zinapokuja zinakuwa dhaifu. Ndicho ambacho mwongozo ule unasema kifikiriwe kwa mtu mzima.

Wiki ya kwanza ni ngumu. Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukimbia, na mara nyingine wasiwasi unaongezeka kabla ya kushuka. Asiyeambiwa mapema anasema dawa imemdhuru, anaitupa. Kwa sababu hiyo munganga mwangalifu huanza na kipimo kidogo. Dawa inaweza pia kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Mke na mume wazungumze jambo hili waziwazi, ili mmoja asifikiri kwamba mwenzake ana mtu mwingine.

Kuna mambo ambayo munganga lazima ayajue kabla ya kuandika: mimba, tramadoli, dawa za maumivu kama ibuprofeni, majani ya mufumu, na kama mtu aliwahi kupata siku za furaha kupita kiasi, bila usingizi, akisema sana na kutumia fedha ovyo. Kijana aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa maana mawazo ya kujiua yanaweza kutokea. Yakitokea, kwa mtu wa umri wowote, asiachwe peke yake, dawa zote za nyumbani ziwekwe mbali, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Namna ya kuamua

Msiamue usiku wa krizi, wala mbele ya kaunta ya farmasi. Mtu aliyeogopa atanunua chochote kinachotuliza. Ngojeni mchana, mkae watu wawili au watatu wanaoaminiana.

Ikiwa krizi ni chache na mtu bado anafanya kazi zake, inafaa kuanza bila dawa. Mazungumzo ya tiba na mtu aliyefundishwa yana nguvu ya kweli juu ya ugonjwa huu, na sehemu yake moja mnaweza kuisaidia nyumbani: kurudi taratibu mahali anapopaogopa. Leo mama anafika kwenye kona ya barabara na kungoja mpaka hofu ishuke yenyewe. Akizoea, anafika kwenye mlango wa soko. Halafu ananunua nyanya na kurudi. Asikimbie hofu ikiwa juu, maana kila anapokimbia mwili unaamini kwamba soko ndilo lililokuwa hatari.

Ikiwa ameacha kutoka nyumbani, biashara imekufa, usingizi hakuna, au amejaribu njia hizo kwa wiki nyingi bila nafuu, basi kuomba dawa si udhaifu. Sisi tunaona kumwacha hivyo mwaka mzima ili "ajikaze" ni kumpotezea maisha bure.

Halafu fedha. Ulizeni bei ya miezi sita, si ya wiki moja. Anayeanza na kuishiwa fedha wiki ya tatu amepata ubaya wote wa dawa na hakungoja uzuri wake. Kama fedha haitoshi, mwambieni munganga kabla hajaandika. Kuna dawa za zamani kama imipramini ambazo anaweza kuzifikiria ikiwa zile nyingine hazipatikani, lakini zikimezwa nyingi zinaua, basi zifungiwe mbali na watoto.

Kujaribu si kufunga ndoa na dawa. Mnakubaliana na munganga muda, tuseme wiki sita hadi nane, kisha mnaangalia. Haikusaidia, inabadilishwa. Ikisaidia, kwa kawaida inaendelea miezi sita hadi mwaka baada ya nafuu, na inaachwa kwa kupunguza, haikatwi siku moja.

Krizi ikija leo usiku

Mmoja tu akae karibu naye, wengine warudi nyuma. Msimwagie maji, msimwambie aache michezo. Mwambieni kwa sauti ya chini, "Ni krizi, itashuka, niko hapa." Hesabuni pamoja: pumzi ndani polepole hadi nne, pumzi nje hadi sita. Mfuko wa plastiki mdomoni hapana, ni hatari.

Asubuhi, chukueni daftari la shule. Andikeni tarehe, saa, alikuwa wapi, alikunywa nini, krizi ilichukua dakika ngapi. Kurasa mbili za daftari hilo zitamsaidia munganga sana. Na chini yake andikeni maswali ya kwenda nayo: Dawa hii jina lake nani? Ni ya kutuliza upesi au ya kutibu polepole? Nianze na kipimo gani? Nikisahau siku moja, nifanye nini? Nani nimpigie kama wiki ya kwanza inakuwa mbaya? Na siku ya kurudi kwako ni ipi?