Sindano ya Kwapani? Njoo Tukae Kwanza

Haya wadogo zangu, leo ni habari ya makwapa, na asione mtu haya. Mmeniuliza wengi: "Dada, eti Botox inakausha jasho?"

Ni kweli. Dawa ile ile ya makunyanzi ya uso iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kutibu jasho la kwapa lililopindukia, kwa wale ambao dawa za kupaka zimewashinda. Neva ndizo zinazoamrisha tezi zitoe jasho, na sindano hii inaizuia amri isifike. Tezi hazifi. Zinanyamaza miezi kadhaa, mara nyingi minne hadi saba, kisha jasho linarudi na wewe unarudi kwa daktari na pochi yako. Hilo kwenye video za mitandaoni hulisikii.

Ila kushuka kwenye daladala Kariakoo saa nane mchana, mwezi wa pili, umelowa mgongo mzima, huo si ugonjwa. Hiyo ni Dar es Salaam. Ninayemsema mimi ni yule anayelowa kwapa akiwa ofisini kwenye kiyoyozi, anayevaa nyeusi mwaka mzima, anayetembea na blauzi ya pili kwenye mkoba. Jasho la namna hiyo kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, hulowesha pande zote mbili, na ukilala hukauka. Lakini kama unalowesha shuka usiku, unakonda, au limekuanza ghafla ukubwani, sindano iache kwanza. Nenda ukapimwe kifua kikuu, sukari na tezi ya shingo.

Halafu kuna dawa ya bei nafuu ambayo wengi wetu tunaitumia kombo: ile ya kupaka yenye chumvi ya alumini. Deodoranti ya kawaida inashughulika na harufu tu, kwa hiyo soma nyuma ya kichupa. Ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, maana ukilala jasho hupungua na dawa inapata nafasi ya kuziba vitundu. Asubuhi unaosha. Sisi tunaipaka tukitoka kuoga, ngozi bado mbichi, tena tumetoka kunyoa, kisha tunalalamika inawasha!

Ikishindikana, ndiyo sindano. Daktari anaweza kupaka iodini kwapani na kunyunyizia unga wa wanga juu yake. Penye jasho panageuka weusi wa bluu, naye anajua pa kuchoma. Huchoma juujuu ya ngozi, sehemu 10 hadi 15 kila kwapa. Inachoma kama siafu, inavumilika. Viganja ni habari nyingine: vinauma hasa, na mkono unaweza kulegea kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msusi au fundi cherehani ajifikirie. Una mimba, unanyonyesha, au una ugonjwa wa kulegea misuli? Mwambie daktari kabla hajafungua bomba la sindano.

Nasema daktari, mdogo wangu. Si saluni, wala si chumbani kwa shoga yako anayebandika kope. Hii ni sumu ya bakteria iliyopimwa kwa kiasi kidogo mno, na inatunzwa kwenye friji. Mwaka 2024 hukohuko Marekani watu walilazwa hospitali baada ya kuchomwa Botox feki au kuchomwa na wasio na leseni. Wengine waliona vitu viwiliviwili, wengine pumzi iliwapa shida. Omba kuiona chupa, na uulize kama dawa imesajiliwa: Tanzania ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Wala si lazima kliniki ya urembo yenye vioo vingi. Wataalamu wa ngozi wapo, pale hospitali ya KCMC Moshi wanafundishwa tangu miaka ya 1990.

Na wewe bibi harusi uliyeuliza kama ukichomwa leo, Jumamosi utakuwa mkavu: usitegemee. Huanza kushika baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili inaweza kuchukua wiki mbili. Mwambie fundi aongeze vikinga jasho kwapani mwa gauni, sindano tutaiongelea baada ya fungate.