Ayala wa Mkia Mweupe na Mkulima

Katika nchi ya Marekani, hasa upande wa mashariki, wakulima wengi hukaa karibu na misitu. Mkulima afunguapo mlango alfajiri, mara nyingi huwaona wanyama wanne au watano wamesimama kimya ukingoni mwa shamba lake. Hao ni ayala wa mkia mweupe. Ayala akishtuka huinua mkia wake juu, na upande wa chini wa mkia huo ni mweupe pe. Wenzake wakiuona hujua kwamba iko hatari, nao hukimbia wote.

Ayala hucheua kama ng'ombe na mbuzi. Kwa umbo amefanana na swala na pongo wa Afrika, lakini si wa jamaa moja nao. Pembe za swala hukaa kichwani maisha yake yote. Pembe za ayala dume ni mfupa mtupu, zina matawi, nazo huanguka kila mwaka wakati wa baridi. Baridi ikiisha huanza kuota nyingine, zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi. Mwezi wa Septemba ngozi hiyo hukauka, na dume huisugua katika miti mpaka itoke yote. Jike hana pembe.

Zamani ayala walikuwa wengi sana. Kisha watu wakawawinda bila kipimo, wakauza nyama na ngozi, hata ilipofika mwaka 1900 walikuwa wamebaki kama laki 5 tu, au pungufu. Mwaka huo serikali ilitoa sheria ya kukataza biashara ya kupeleka nyama ya mawindo ya haramu kutoka jimbo hata jimbo. Majimbo nayo yaliweka miezi ya kuwinda na miezi ya kuacha. Tena mashamba mengi ya zamani yaliachwa yakawa misitu, na mbwa-mwitu waliokuwa wakiwala ayala walikuwa wamekwisha kuuawa karibu wote. Basi ayala wakaongezeka, na siku hizi wakadiriwa kuwa kama milioni 30.

Hapo ndipo shida ya mkulima ilipoanza. Ayala hula mahindi machanga, maharagwe, na machipukizi ya miti ya matofaa. Mti mchanga ukiliwa ncha yake mwaka baada ya mwaka, haukui. Lakini mkulima mwenye akili hamhukumu ayala kabla ya kuchungulia. Ayala hana meno ya mbele katika taya la juu. Kwa hiyo hakati vizuri, na kijiti alichokila huwa na ncha yenye nyuzinyuzi. Sungura ana meno makali juu na chini, na kijiti alichokila huwa kama kilichokatwa kwa kisu. Kwa alama hizo mkulima humjua mwivi wake.

Akiisha kumjua, huweka kinga. Ua wa kuzuia ayala hauna budi kuwa na kimo cha futi 8, kwa kuwa ua mfupi huurukia kwa urahisi. Asiyeweza gharama hiyo hujenga nyua mbili fupi, zimeachana futi 4 au 5. Ayala aweza kuruka juu, na aweza kuruka mbali, lakini huogopa kufanya yote mawili kwa mara moja. Mwenye miti michache huzungushia kila mti wavu wa waya siku ile ile aupandapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwezi wa Mei na Juni ayala huzaa, mara nyingi mapacha. Mtoto ana madoa meupe mgongoni, na siku zake za kwanza hulala katika majani marefu bila kutikisika. Harufu yake ni hafifu mno, hata mbwa aweza kupita karibu asimjue. Mama huenda kula mbali kidogo, ili harufu yake mwenyewe isiwavute adui, naye hurudi mara chache kwa siku kumnyonyesha. Kila mwaka watu huwakuta watoto hao, wakasema, "Maskini, yatima huyu!" wakawachukua nyumbani. Kumbe si yatima. Mama yake yu karibu, angoja watu waondoke. Watoto wengi waliochukuliwa hivyo hufa, na wale waishio hawajui kukaa msituni. Mkulima anayejua huwaambia wanawe wasimguse mtoto huyo, na kabla ya kukata majani hulikagua shamba lake kwa miguu, asije akamkata kwa mashine.

Wakati wa theluji huruma huleta msiba mwingine. Siku zile ayala hula vijiti na vichipukizi, na vijidudu vilivyomo tumboni mwake vimezoea chakula hicho kigumu. Mtu akimwagia rundo la mahindi, ayala hula kwa pupa, tumbo lake hujaa uchungu kama wa siki, na baada ya siku chache aweza kufa, hali tumbo limejaa. Tena ayala wengi wakikusanyika mahali pamoja huambukizana magonjwa. Uko ugonjwa mmoja wa kuwakondesha usio na dawa, ulioonekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika Colorado. Kwa sababu hiyo majimbo mengi yamekataza kuwalisha ayala wa mwitu.

Watu nao hujilinda. Kupe wadogo wanaokua kwa damu ya ayala huweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa Lyme, ulioitwa kwa jina la mji mmoja wa Connecticut. Watoto watokao msituni hukaguliwa miili yao, na kupe hung'olewa upesi.

Katika majira ya mavuno, mkulima mwenye hati huwinda ayala kwa hesabu iliyowekwa, na nyama hulisha nyumba yake. Hivyo hawapungui kama zamani, wala hawazidi hata kuumaliza msitu wanaoutegemea. Ayala hahitaji kufugwa wala kubembelezwa. Amtakiaye mema humwachia msitu wake, huuzungushia ua mti wake, na hujifunza desturi zake kabla ya kunyosha mkono kumsaidia.

MASWALI

1. Pembe za ayala zatofautianaje na pembe za swala?
2. Kwa nini ayala walipungua, na kwa nini wakaongezeka tena?
3. Mkulima ajuaje kwamba mti wake umeliwa na ayala, si sungura?
4. Kwa nini mama humwacha mtoto wake peke yake?
5. Eleza jinsi mahindi yawezavyo kumwua ayala mwenye njaa.